Choma au Ondoka

"Msiruke maneno!" nilifoka, lakini vijana walikuwa wamesharuka. Gemu hii ya kutisha, raha yake yote iko kwenye hadithi, na humu bandani kwangu Bariadi wanaicheza kama mpira. Gemu ya watu wa kusikiliza, nimewapa watu wa kubonyeza!

Kwenye skrini, bibi kizee alikuwa amekaa jikoni kwake, macho mekundu. Gemu ikauliza: uchome nyumba, au uondoke?

"Choma! Mchawi huyo, si unaona macho?" wakapiga kelele wote.

Mwenye pedi ya kuchezea akaweka dole gumba juu ya kitufe.

"Kwani kafanya nini?" sauti ikauliza nyuma yetu.

Alikuwa Mama Mektilda, anayekaanga mihogo kwa kuni hapo mlangoni. Kelele zilimvuta ndani na mwiko wake, mafuta yakidondoka sakafuni.

Mwenye pedi akanigeukia.

"Usiniangalie mimi," nikamwambia. "Mjibu mama."

"Nawauliza, wanangu. Huyo bibi kafanya nini?"

Hakuna aliyejua. Mama Mektilda akajifuta macho yake mekundu kwa ncha ya kanga, akaendelea kungoja.