Kahawa ya Fresno

"Nani anakunywa kahawa Fresno?" Arvid Tollefsrud alipiga meza kwa kiganja, kijiko kikaruka kutoka kwenye kisahani. "Lorene! Nakuuliza wewe. Nani katika nyumba hii anakunywa kahawa Fresno?"

Nyumba yao ya Duluth ilikuwa na watu wawili tu, yeye na mkewe, na mpaka mji wa Fresno ni mwendo wa siku tatu kwa gari.

Lorene alikuwa akikaanga mayai. Hakugeuka. "Labda wamekosea huko benki."

"Wamekosea kila Jumapili?"

Arvid alikuwa na siku kumi na mbili tu tangu astaafu kwenye gereji ya mabasi ya shule. Miaka yote ya kazi alimwachia mkewe taarifa za kadi ya mkopo, maana alikuwa akirudi amechoka. Lakini kanuni zilikuwa zake, na alizirudia hata mbele ya wageni: nunua kwa kadi kile tu ambacho pesa yake unayo tayari, lipa deni lote kabla ya tarehe, usibakize hata senti, benki isipate riba yako, wewe upate pointi zake za zawadi. Mafuta ya gari, maziwa, misumari, kinyozi, vyote kwa kadi. Pointi zilikuwa zimefika laki moja na themanini elfu. Zikitimia laki mbili, wangepanda ndege kwenda Bergen, alikotoka babu yake, bila kulipa nauli.

Asubuhi hiyo ndipo alipozisoma karatasi mwenyewe kwa mara ya kwanza. Kahawa moja, dola mbili na senti tisini na tisa, kituo cha mafuta, Fresno. Jumapili iliyotangulia, hivyo hivyo. Akavuta faili za nyuma. Mwaka uliopita kahawa ilinywewa mji mwingine, Tucson. Kabla ya hapo, Amarillo.

"Kila Jumapili ya Mungu!" alinguruma. "Kikombe kimoja kimoja, bila kukosa!"

"Kuna wiki tatu za Februari hakikuwepo," Lorene alisema taratibu.

Arvid aliinua kichwa. Uso ulikuwa umemwiva. "Kumbe unajua."

Lorene aligeuza yai.

"Umeona, ukanyamaza, ukamlipia mwizi kwa pesa yangu?"

"Kwa pesa yangu. Nilikuwa naitoa kwenye ile ya kushona. Ni dola tatu kwa wiki, Arvid."

"Ndivyo wanavyofanya! Wanaanza na kahawa, wanaijaribu kadi. Wakiona umelala, wananunua televisheni."

"Wanajaribu kwa miaka minne?"

Swali hilo lilimkera zaidi kuliko kahawa yenyewe. Alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake, naye hakukiokota. "Una mtu huko?"

Lorene alicheka, kicheko kikavu. "Nina miaka sitini na tatu na magoti mabovu. Mtu gani huyo, tena wa kumnunulia kahawa ya kituo cha mafuta?"

"Basi niambie ni nani!"

Lorene aligeuka, mwiko mkononi. Alimtazama mumewe, mshipa wa shingo ukimpiga, ngumi imefumbwa juu ya karatasi.

"Nikikwambia, utaifunga kadi haraka zaidi," alisema.

Hapo Arvid akaikamata simu. Alibonyeza namba iliyo nyuma ya kadi kwa nguvu, kana kwamba vitufe navyo vilikuwa vimemwibia.

"Weka simu chini," Lorene alisema. Mayai yalianza kuungua nyuma yake. "Arvid, nakuomba. Mimi ndiye ninayekunywa hiyo kahawa. Umesikia? Ni mimi."

"Unakunywa kahawa Fresno ukiwa Duluth. Nitolee upuuzi hapa!"

Msichana wa benki alipokea. Arvid alimwaga yote kwa pumzi moja: wizi, kahawa, miaka minne, benki inayolala usingizi huku wateja waaminifu wakiibiwa.

"Pole sana, bwana," yule msichana alisema. "Naona hayo yote yamelipiwa kwa kadi ya pili iliyo kwenye akaunti yako. Imetolewa kwa jina la—"

"Sikukupigia unisomee majina ya wezi! Ifunge!"

"Nilitaka tu kuhakikisha kwamba—"

"Dada, unaijua kazi yako au huijui? Funga!"

Lorene alimrukia. Alimshika kifundo cha mkono na kuivuta simu, mwiko ukaanguka, mafuta yakatapakaa sakafuni. Arvid alimkinga kwa bega, kwa ukali ambao hakuwahi kumwonyesha katika miaka thelathini na tisa ya ndoa.

"Sasa hivi!" alipayuka. "Nisikie mwenyewe ukisema imefungwa!"

Vitufe vilisikika vikibonyezwa upande wa pili.

"Imefungwa, bwana. Kuanzia sasa haitakubaliwa popote." Sauti ya msichana ilikuwa ya heshima, imechoka kidogo. "Kwa ajili ya kumbukumbu, kadi iliyofungwa ni ya Maren Tollefsrud. Kuna jambo lingine ninaloweza kukusaidia?"

Arvid alikuwa hajalisikia jina la binti yao kwa miaka minne, tangu aondoke nyumbani kwa ugomvi. Simu ilibaki sikioni mwake mpaka ikakatika.

Lorene alizima jiko. Hakulia, wala hakupandisha sauti.

"Haya, baba yake," alisema. "Jumapili ijayo nitajuaje kama mwanangu yu hai?"