Picha Tisa za Wiebren

"Geuza uso kidogo, mwanga haukupati vizuri," Hiske alimwambia mwanamume ambaye, kwa hesabu zake, ndiye aliyemuua kaka yake.

Wiebren akageuka kwa utiifu. Muuza kamera hupigwa picha na kila mteja anayejaribu mashine. Keshazoea, kama ng'ombe anavyozoea kukamuliwa.

"Hiyo ndogo, kile kipande cha ndani kinachonasa mwanga ni kikubwa," alieleza. "Hata penye kiza inakutolea kila kinyweleo. Lakini haifiki mbali. Hii nyingine yenye mdomo mrefu inavuta mpaka ng'ambo ya ziwa, unamhesabia bata manyoya. Ila mwanga ukipungua inapapasa kama babu aliyekalia miwani yake. Sasa wewe, dada, unataka kupiga nini?"

"Ndege," alisema Hiske.

"Ndege gani?"

"Anayejificha."

Wiebren alilitafakari jambo hilo kwa uzito unaostahili. Watu wa Friesland, kule kaskazini mwa Uholanzi, wanaweza kuchumbiana kwa wiki moja, lakini kamera huichagua kwa miezi mitatu. Kisha akaona Hiske amechomeka memori kadi yake mwenyewe.

"Haya, nawajua," alisema. "Mnapiga hapa kwangu, mnakwenda kulinganisha nyumbani mkinywa kahawa, halafu mnanunua mtandaoni. Mimi ni sanamu ya bure."

Hiske alibonyeza tena. Uso mzima, masikio yote mawili.

Jelmer, kaka yake, aligongwa Novemba, jua likizama, akiendesha baiskeli kando ya tuta la bahari. Dereva alisimama. Alishuka, akamwinamia chini ya taa ya barabarani, akamtazama, akarudi garini, akaenda zake. Jelmer aliishi dakika ishirini baada ya hapo.

Aliyeona alikuwa mmoja tu: Bibi Aukje, miaka tisini na mmoja, mkazi wa nyumba ya wazee, ambaye dirisha la chumba chake linatazamana na taa ile. Kama majirani zake wote, hakuwahi kufunga pazia maishani. Afungaye pazia ana la kuficha. Polisi waliandika maneno yake yote kwa adabu, wakayaacha palepale kwenye karatasi, kwa kuwa Bibi hakumbuki alichokula mchana.

"Jina la mwanangu naweza kulisahau," alimwambia Hiske. "Uso ule, la. Niletee picha safi ya huyo unayemshuku, nami nitakwambia."

Daktari alikuwa amempa Bibi Aukje wiki mbili za kuishi, naye alikwisha tumia moja na nusu.

Jina la Wiebren lililetwa na Durk, mume wa Hiske. Ndiye aliyesikia kwamba Wiebren na Jelmer waligombana juu ya mashua, na kwamba wiki iliyofuata mazishi gari la Wiebren lilikuwa na taa mpya ya mbele. Leo yeye mwenyewe alimwendesha mkewe mpaka mjini.

"Mpige uso mzima," alimsihi njiani. "Bibi asipate pa kukosea."

Ila dukani hakuingia. Alisema akimwona mtu yule atamtemea mate. Alibaki ng'ambo ya barabara, kando ya gari, akila samaki wa kukaanga katika manyunyu.

Kwa ile kamera ndogo Hiske alipiga picha nane. Kisha akaichukua yenye mdomo mrefu, akahamishia humo kadi yake, akavuka barabara kuijaribu kutoka mbali.

"Pisha kidogo, unanibana," alimwambia Durk. Durk akasogea nyuma yake hatua mbili, mdomo umejaa.

Hiske alivuta mpaka kwenye dirisha la duka. Mashine ilinguruma, ikatafuta, ikasita, ikapiga. Kwenye kioo chake kidogo Wiebren alitokea kama ukungu wenye tai. Hiske alitaka kuifuta, hakuona kitufe. Mambo yakawa yamekwisha amuliwa: ile ndogo ndiyo kamera.

"Busara," alisema Wiebren alipoambiwa. "Utainunua kwangu, au ndiyo yale yale?"

"Nitafikiria."

"Ndiyo yale yale," alisema Wiebren, akairudisha kabatini.

Kwenye nyumba ya wazee Durk aliegesha nyuma ya jengo, kama siku zote, akabaki garini. Harufu ya mle ndani, alisema, inamchefua.

Bibi Aukje alimwagizia Hiske kahawa na biskuti moja, kisha akaamuru kopo la biskuti lifungwe. Kufa ni kufa, na biskuti moja ni biskuti moja. Hiske akafungua tableti, akachomeka kadi, akazikuza picha nane, moja moja, mpaka vinyweleo vikaonekana.

Bibi alitazama muda mrefu.

"Ana masikio ya mtu mwema," alisema. "Siye."

"Angalia tena, Bibi."

"Mjukuu wangu, nimesema siye. Ukiniuliza mara ya pili ndipo unaponizeesha."

Miezi yote ile, na Bibi amebakiwa na siku tatu, labda nne. Hiske alipapasa kioo cha tableti ili azime, kidole kikateleza, picha ya tisa ikajitokeza.

"Hii imeharibika," alisema. "Hakuna kitu."

Bibi Aukje alimshika mkono.

"Mbona hii ndiyo safi?"

Kidole chake kikavu kiliupita ule ukungu wa katikati, kikatua pembeni mwa dirisha la duka, pale kioo kilipouakisi upande wa pili wa barabara wote, wazi na mkali kama stempu: gari, manyunyu, mwanamke aliyefunikwa uso na kamera, na mwanamume nyuma yake.

"Huyu," alisema Bibi. "Ndiye aliyeinama."

Nyuma ya jengo honi ililia mara moja, kwa upole. Durk alikuwa amechoka kumngoja mkewe.