Sura ya Tisa

Obedi, mume wangu, alikufa akinisihi nisome sura ya tisa. Nilidhani ni homa inasema.

Kitabu chenyewe kilikuwa kinene kama tofali, mwongozo mzima wa kuandika kurasa za intaneti. Kila siku aliniuliza nimefika wapi. Nilimjibu kwamba mimba inanichosha.

Baada ya arobaini yake, nilikaa kwenye kompyuta ya duka letu la nyavu za kuvulia, mtoto mgongoni, nikakifungua.

Sura ya tisa ilifundisha alama za kuficha maneno. Ukiyaandika kati ya alama hizo, anayetazama ukurasa hayaoni.

Nikafungua maandishi ya ndani ya ukurasa wa duka, aliouandika mwenyewe. Chini kabisa, kati ya alama zile, nikakuta jina langu. Niliyafuata maneno kwa kidole juu ya kioo.

"Hellen, nimepima damu, nina virusi vya Ukimwi. Kukuambia kwa mdomo nimeshindwa. Nenda ukapime kabla hatujapata mtoto."

Aliweka na tarehe. Machi, mwaka juzi.

"Umeelewa chochote, shemeji?" mdogo wake Obedi aliuliza kutoka mlangoni.

Mgongoni, mtoto aliamka, akalilia kunyonya.