Dhahabu Kwenye Mkojo

Likwata alitoka tena chooni akiwa na kikopo mkononi, amekifunika kwa barghashia yake.

"Nipime tena, Daktari," alimwambia Leonard kwa sauti ya chini.

"Mwenyekiti, umeshapimwa. Huna kitu."

"Kiongozi wa kijiji lazima awe na uhakika."

Leonard, mtaalamu aliyepandishwa vilima vya Kipatimu na maboksi yake baada ya homa ya virusi kuzuka wilayani, alishusha pumzi, akachovya kipimo kingine. Asubuhi alikuwa ameeleza kwamba ndani ya kile kijikaratasi mna chembe za dhahabu, ndogo kiasi kwamba jicho haliwezi kuziona. Zikikuta ugonjwa kwenye mkojo, hujikusanya na kuchora mstari mwekundu wa pili. Mstari mmoja, uko salama.

Baada ya neno dhahabu, hakuna aliyesikia la zaidi. Likwata ndiye aliyewafafanulia.

"Serikali inawamwagia dhahabu kwenye mikojo yenu, na bado mnalalamikia barabara."

Waliojitokeza walipimwa wote. Wazee, mstari mmoja. Walevi, mstari mmoja. Padri na shehe nao walitoka na mstari mmoja mmoja, wakapeana mikono kama waliofaulu mtihani. Waliopata miwili walikuwa wawili tu: Biasha, mjane mshona nguo, na Antonia, muuza uji ambaye hajawahi kuolewa.

Likwata hakupoteza muda. Aliamuru wafungiwe kwenye ghala la ufuta.

"Mimi sina homa hata kidogo," alisema Biasha.

"Hapo ndipo ilipo hatari yake. Umeubeba ugonjwa na hujui."

Antonia alidakia. "Na aliyetuambukiza atafungiwa wapi, Mwenyekiti?"

Likwata alijifanya anakagua betri za kipaza sauti. Jasho lilikuwa limeshalowesha kanzu yake.

Alikuwa na sababu. Tangu kiangazi alikuwa akienda kwa Biasha kukagua paa linalovuja, na kwa ukaguzi wote ule paa halikupona. Kwa Antonia alikuwa akikagua usalama wa jiko, tena nyakati ambazo jiko limezimwa. Daktari alikuwa amesema ugonjwa huu hupita kwa kukaribiana. Likwata alijihesabu kuwa maiti. Kilichomtisha kuliko kufa ni kuugua ugonjwa uleule wa hao wawili, mbele ya mkewe Mwanahija, mwanamke asiyesahau.

"Mstari mmoja," alisema Leonard. "Kama mwanzo. Sasa niache nifanye kazi."

Likwata alihisi miguu imekuwa miepesi. Alivaa barghashia, akanyakua kipaza sauti, akapanda juu ya benchi.

"Ndugu zangu, mmeona wenyewe. Hakuna aliyepimwa hapa mara nyingi kuliko mimi. Nami nisiwafiche, katika kijiji hiki hakuna mwanamume aliyekuwa karibu na hawa wawili kunizidi. Kwa kazi za kijiji, nimeingia nyumbani kwao mvua na jua. Wengine hata mlangoni hawajafika. Na bado virusi vimenishindwa. Mwenyezi Mungu humlinda mwenye mwenendo mwema."

Watu walipiga makofi. Mwanahija, aliyeketi mbele, alipiga kwa nguvu kuliko wote.

Simu ya Leonard iliita. Alisikiliza, akainama kwenye boksi, akaligeuza na kusoma taratibu karatasi iliyobandikwa upande wa chini. Kisha alimwendea Likwata na kumwomba kipaza sauti.

"Nawaomba radhi," alisema. "Kule mjini walinipakilia boksi silo. Vipimo vya homa vinakuja kesho. Kwa sasa wafungulieni wale kina mama, wapeni maji na chakula kizuri, na wasibebe mizigo mizito. Hivi tulivyotumia ni vipimo vya mimba."