Poda ya Alhamisi

Phébé aliviringisha wembe kwenye leso, akautia mfukoni, akatoka kwa mlango wa nyuma ili mama asimwone. Orodha ile ya waliopita mtihani ilikuwa lazima itoke kwenye ukuta wa shule kabla ya saa nne.

Jumatano jioni alikuwa ametuma namba yake ya Examen d'État, mtihani wa kumaliza sekondari, kwa simu, na simu ikamjibu neno moja: échec. Ameanguka. Kesho yake, Alhamisi saa sita mchana, aliingia uani akiwa amejipanga kusema ukweli. Bahati mbaya jirani yao Éliane alikuwa ameketi pale na mama, na wote wawili wakamtazama mdomo.

"Nilipita, maman," akasema.

Mji mzima wa Kamina unajua kinachofuata. Aliyepita humwagiwa poda nyeupe kuanzia utosini, kisha hutembezwa mtaani kwa nyimbo, ili hata asiyeuliza ajue. Mama alijifunga upya kitenge chake. Akamtazama Éliane, akaliendea kopo la poda lililokaa kabatini tangu wiki ya mtihani, na kumwagia bintiye lote. Hakuuliza hata alipata ngapi kwa mia, yeye ambaye sokoni, kwa samaki wake wakavu, huuliza kila kitu mara mbili. Éliane akapiga vigelegele hadi mtaa wa pili ukatoka nje.

Maji yakimwagika hayazoleki, na poda vilevile. Tangu siku hiyo Phébé alioga asubuhi, mchana na jioni, na bado alijiona mweupe. Watu wakimpongeza njiani, aliangalia kandambili zake. Mzee mmoja wa parokia alimletea kuku, na kuku huyo alipoiva, Phébé alimtafuna muda mrefu bila kummeza. Alijionea aibu mpaka kwa kuku.

Jambo moja tu lilimpa nafuu: mama hakutaka kwenda shuleni. Éliane alimbembeleza waende wakapige picha jina la mtoto ukutani, lakini mama akasema ana samaki wa kugeuza juani. Kesho yake akabembelezwa tena, na samaki bado walikuwa wa kugeuzwa. Phébé aliwashukuru samaki wale kimoyomoyo.

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Mjomba Abner, mwalimu wa Bukama, mtu anayesoma hata maandishi ya mfuko wa sukari, alikuwa anakuja Jumamosi kumpongeza, na alishatangaza kwa simu kwamba atapita kwanza shuleni, saa nne, kujionea kwa macho yake. Phébé aliitegemea treni. Treni ile huchelewa siku mbili bila kuona haya, ila safari hii ilipiga honi asubuhi ileile iliyotarajiwa.

Sasa alikuwa anakimbia kando ya reli. Kuanguka mtihani kulimuuma, ndiyo, lakini angerudia mwaka na maisha yangeendelea. Kilichomchoma ni mama. Mtaa mzima ungemwita mwanamke aliyempaka poda aliyeanguka. Phébé angeweza kujifungia chumbani. Mama angeuweka wapi uso wake sokoni?

Shule ilikuwa tupu, likizo imewatawanya watu. Alizunguka hadi ofisi ya préfet, mkuu wa shule, akatoa wembe, akasimama.

Ukuta ulikuwa mtupu. Vilibaki vipande vinne vya pembe za karatasi, vimeng'ang'ania gundi.

Mlinzi, Papa Umba, alikuwa anafagia barazani. Akamuuliza kama anatafuta orodha ya waliopita, na Phébé akaitikia kwa kichwa huku akiuficha wembe. Moyo ulianza kumtulia. Akauliza kama ni upepo umeichukua.

"Hapana, upepo hapana," Papa Umba akasema. "Maman yako njo aliibandua. Alisema iko ya kuweka ku nyumba, souvenir. Alifwata majina na kidole, moya moya, mara tatu, kisha akaitosha."

Phébé aliketi kwenye ngazi. Basi mama ameshajua. Atakuwa alikuja jana baada ya soko, au leo alfajiri kabla ya treni. Alitamani ardhi ipasuke immeze pamoja na ngazi zake. Atarudije nyumbani? Atamtazamaje usoni mama aliyeamini neno lake, akamwaga poda kwa mikono yake miwili mbele ya watu?

Akamuuliza mlinzi kwa sauti ndogo mama alikuja siku gani.

Papa Umba aliegemea ufagio wake, akahesabu kwa vidole. Akasema ilikuwa juzi, Alhamisi, asubuhi sana, hata baiskeli za kwanza zilikuwa hazijapita. Kopo la poda lilikuwa bado kabatini.