Wake Wawili, Kaburi Moja

Nekoye alikuwa amelala kifudifudi juu ya kaburi, kanga yake ya kanisani imejaa udongo. Vijana wawili wenye majembe walibaki wakitazamana. Waliambiwa wachimbe ardhi, si mwanamke.

"Mama, toka hapo," Linah alisema. Alikuwa amefika asubuhi hiyo kutoka Kitale na barua ya chifu, na gari alilokuja nalo lilisimama nje ya ua, vioo vimepandishwa. "Nimeishi na Wakhungu miaka kumi na tatu. Nimempikia, nimemfulia. Si hata mimi niko na haki?"

"Wewe uliishi naye. Mimi nilimngoja."

Hapo hakusema uongo. Wakhungu alipotoka Matulo kwenda kutafuta kibarua kwenye mashamba ya mahindi ya Kitale, alisema ni msimu mmoja tu. Misimu ikapita, simu zikakoma, watoto wakaoa na kuolewa, na kitanda cha Nekoye kikabonyea upande mmoja. Halafu, mwaka jana, shemeji zake wakamletea cha kuzika. Wazee wa ukoo walisema cha mtu wao hakizikwi ugenini. Nekoye alilia siku tatu, na ndani ya kilio kile, Mungu amsamehe, kulikuwa na furaha.

Kaburi lilikuwa fupi, lakini lilikuwa lake. Kila jioni aliketi hapo akichambua maharagwe na kutoa habari: ng'ombe amezaa, mjukuu wao Ian amepita mtihani. Baridi ya Julai ilipozidi, alilifunika blanketi. Majirani walimcheka chinichini. Wacha wacheke, wao walikuwa na watu wa kugombana nao nyumbani.

Pasta Wanyonyi alichuchumaa kando yake. "Dada, hapo ni nyama tu. Roho yake haiko hapo."

"Roho ilihamia Kitale zamani, Pasta, na sikuidai. Hii nyama waniachie."

Linah naye akaanza kulia, kilio cha mtu aliyechoka kabisa. "Mama, tangu mzike hapa hajatulia. Analia kila siku, hatulali. Wazee wanasema ati mlizika vibaya. Tupatie tu, tuzike vizuri huko kwetu, apumzike."

"Kama analia, aje aniambie mwenyewe," Nekoye alisema, mdomo ukigusa udongo. "Miaka kumi na tatu sijasikia sauti yake."

Linah aligeuka akatazama barabarani. Mlango wa gari ukafunguka, na mwanamume mwenye mvi akaja polepole hadi kaburini, mkono mmoja wa koti lake ukining'inia mtupu.

"Nekoye," Wakhungu alisema, "vidole vinaniuma. Naomba mkono wangu."