Sharbati ya Bwawa la Mwisho

Haki ya Mungu, hapa sijatia chumvi hata punje.

Mzee Gurnek, mtunzaji wa mabwawa yanayosafisha majitaka ya kijiji kabla hayajaenda mashambani, alifika mbele ya gurdwara, hekalu la Makalasinga, ambako kila kiangazi wapita njia hugawiwa sharbati ya waridi bure.

“Pampu imekufa tangu asubuhi,” mama aliyekuwa akikoroga sharbati alimwambia. “Tumechota kwenye bwawa lako la mwisho, babu. Si unayanywa maji yake kila mwaka mbele ya wageni, kuonyesha ni safi?”

Chupa ya maji aliyokunywa mbele ya wageni alikuwa akiijaza nyumbani kwake na kuificha kwenye mkono wa kanzu.

Watoto walikuwa wameshapanga foleni. Wa kwanza alishika bilauri kwa mikono miwili, povu la waridi likamgusa mdomo wa juu.

Gurnek akaipiga ile bilauri, ikaanguka.

“Mchoyo huyu,” mama akacheka. “Anaogopa tutammalizia bwawa.”

Nyuma wanaume walikuwa wameanza kujichotea wenyewe. Gurnek akanyakua kipaza sauti cha matangazo. Pumzi zake zikasikika kijiji kizima.

“Msinywe,” alisema. “Mimi sijawahi kuyanywa.”